Matone Mekundu Chini ya Tuvumilie

Mjini Kasongo ukisema "mafuta mekundu", hakuna atakayekuuliza mafuta gani. Ni mawese, basi. Ni ya kuungia sombe, majani ya muhogo, ni ya maharagwe, ni ya kumpaka mtoto akitoka kuoga. Ndiyo maana pikapu ya Mzee Faradji ilipoanza kuacha matone mekundu kila mahali iliposimama, hakuna aliyejisumbua kuinama kutazama. Kosa lilikuwa na mwenyewe tayari. Mwenyewe ni Chimène, binti wa mzee, muuza mawese, ambaye bidoni zake, yale madumu ya mafuta, ndizo zilizopakiwa nyuma kila safari.

"Bidoni zako zinavuja," kaka yake Aristote alimwambia mbele ya soko zima. "Unachafua gari ya baba!"

Na Chimène, masikini wa Mungu, aliamini. Alinunua vifuniko vipya. Akaweka nailoni chini ya kila kifuniko. Akafika hata kupaka unga wa muhogo shingoni mwa bidoni zote, kwa sababu unga mweupe hausemi uongo: mahali mafuta yanapotokea, hapo panakuwa pekundu. Unga ulibaki mweupe kama ulivyotoka kinuni, na matone yakaendelea kudondoka. Wateja wake wakaanza kunong'ona kwamba Mama Chimène anauza bidoni pungufu. Aliumia, na kila alipotaka kujitetea, Aristote alimwonyesha ardhi chini ya gari.

Wakati huohuo, usukani wa gari, ambao sisi tunauita volan, ulikuwa unazidi kuwa mgumu. Mzee Faradji aliyeiendesha pikapu hiyo tangu Chimène anavaa sare ya shule, na kuwalisha wote kwa usukani uleule, aliuvuta kwenye kona moja mpaka bega likateguka. Akarudi kwake Kabambare kukaa na maumivu yake. Aristote akachukua nafasi, akatamba kidogo mjini, kisha akaitumbukiza mtaroni kwenye mteremko wa daraja la magogo, kwenye njia ya Kabambare. Akatoka hapo akisema gari limezeeka na lina roho mbaya. Huku watu wanalia na volan, huku wanalia na bidoni, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba kilio ni kimoja. Ajabu ya binadamu!

Nyuma ya pikapu hiyo mzee alikuwa ameandika kwa rangi ya buluu: TUVUMILIE. Lakini yeye mwenyewe uvumilivu ulimwishia. Siku moja Chimène akasikia kwa Aristote kwamba gari limepata mnunuzi, Déo, mfanyabiashara wa dhahabu kule Salamabila. Déo hakutaka gari. Alitaka injini tu, aifunge kwenye mashine ya kusaga mawe. Kilichobaki wangekula kuku na kutu.

Chimène akapiga simu Kabambare hapohapo.

"Baba, Tuvumilie ikasage mawe? Kweli?"

"Mama, ile gari ilinivunja bega," mzee akajibu. Alizoea kumwita binti yake mama, kwa kuwa alipewa jina la nyumbani la bibi yake. "Jumamosi Déo iko anakuja na funguo zake za kutoa injini. Aristote ataileta."

"Nikiileta mimi?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Weye? Mikono ya kupima mafuta?"

"Nikiileta mimi, Baba."

Mzee akaacha kucheka. Pengine bega lilimuuma, pengine alikumbuka siku alizomfundisha binti yake kuendesha. "Sikia basi. Ukiifikisha mbele ya kibaraza changu, na njiani hakuna mutu mwingine aliyegusa volan, gari iko yako. Ukishindwa, Déo anatoa motere, na nisisikie kelele."

"Hautasikia," alisema Chimène, ingawa moyoni hakujua hata aanzie wapi.

Kiangazi kilikuwa kimeingia, na asubuhi za kiangazi mawese huganda. Kila mwanamke wa Kasongo anajua hilo: unaamka, unakuta bidoni imekuwa nzito kama uji uliolala, unaiweka juani kwanza. Asubuhi iliyofuata Chimène alitoka nje akakuta matone chini ya pikapu, mbele kabisa, usawa wa gurudumu la kushoto. Nyuma hapakuwa na bidoni hata moja, zote zilikuwa jikoni, zimeganda. Lakini matone yale yalikuwa mepesi, yanateleza, yanang'aa. Na sisimizi, ambao kwa mawese wangekuja na ukoo mzima, hawakuyasogelea.

Akachovya kidole, akalamba. Akatema mpaka machozi yakamtoka.

"Ala! Haya si mafuta yangu!" akapiga kelele peke yake uani. "Si yangu! Haya si mawese!"

Alifurahi na kukasirika kwa pamoja, na sijui kipi kilimzidi. Miezi yote ile ya kusemwa sokoni, na mwizi yuko ndani ya gari lenyewe! Waswahili walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Akafunga kitenge kiunoni, akaenda kumwamsha Glody.

Glody ni fundi mwenye karakana ya mabati karibu na soko, mtu mzima wa maneno mengi na tumbo la kutosha. Alichungulia, akanusa kidole cha Chimène, akapiga paji la uso.

"Mama, hii iko mafuta ya direction!"

"Direction? Ofisi ya mkuu wa shule?"

"Direction ya gari, mama! Ile inasaidia volan kuzunguka. Yenyewe pia iko mekundu. Ikiisha, unabaki unavuta chuma na mikono yako mitupu." Akafungua kopo dogo karibu na injini, akachungulia. Kopo lilikuwa kavu. "Eeh! Hawa watu walikuwa wanaendesha namna gani?"

"Kwa mabega," alisema Chimène.

Wakaisukuma pikapu mpaka karakana, na hapo shida ikawa kujua mafuta yanatokea wapi. Mipira ya kupitisha mafuta, pampu na vyuma vyote vya upande ule vilikuwa vimevaa tope la mafuta na vumbi, huoni kichwa wala mkia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Chimène aliinama. Walisugua kwa sabuni na petroli kidogo mpaka vyuma vikaonekana rangi yake, wakakausha kwa matambara, wakajaza kopo mafuta mapya. Glody akataka kuwasha gari atazame kwa macho.

"Ngoja," Chimène akasema. Akakimbia nyumbani, akarudi na unga wa muhogo.

"Mama, gari itakula bugali leo?"

"Itakula, halafu itasema ukweli."

Akapaka unga kwenye mipira na kwenye kila kiungio, taratibu, kama alivyokuwa akipaka bidoni zake siku za aibu. Glody akawasha, akazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, pampu ikaguna. Chimène alikuwa amelala chini, shavu kwenye vumbi, macho hayapepesi. Unga mweupe, mweupe, mweupe. Kisha pale mpira mnene unapoungana na pampu, pakatokea nukta nyekundu. Ikakua. Ikadondoka.

"Nimekushika!" alipiga yowe, na watu wa sokoni wakaja mbio wakidhani ni nyoka.

Glody akafungua kiungio kile. Bolti yake ilikaa kati ya pete mbili za shaba, nyembamba, ambazo kazi yake ni kubanwa zizibe njia. Zilikuwa zimebanwa miaka mingi mpaka zikawa ngumu na kulala, haziwezi tena kuziba kitu. Akazigeuza mkononi, uso ukamshuka.

"Hizi hapa Kasongo haziko. Mpaka Bukavu."

Bukavu! Na Jumamosi iko mlangoni. Chimène akakaa juu ya tairi kuukuu. Aliiona Tuvumilie imelazwa pembeni ya shimo la dhahabu, tumbo wazi. Karibu alie, na asingeona haya.

Glody bado alikuwa na pete moja mkononi. Alikuwa anaigonga ile pete kwenye meno, kama watu wa Salamabila wanavyojaribu dhahabu. "Shaba iko na tabia ya mutu," alisema polepole. "Kazi inaifanya ngumu. Lakini moto unairudisha utoto. Nani iko na makala yanawaka?"

Aliyekuwa na makaa hayo ni Elsa, jirani anayekaanga mikate ya mafuta, kama maandazi. Mbabula yake, jiko la makaa, ilikuwa imekolea, na mafuta yake yanachemka.

"Munataka kukaanga nini?" akauliza Elsa akiwa na mashaka.

"Shaba," Chimène akamjibu, na bila kungoja ruhusa akasogeza karai la mikate pembeni. Elsa alimtukana kidogo, tusi la kirafiki, kisha akashika pepeo akapepea makala yeye mwenyewe. Pete zikawekwa, zikawa nyekundu kama jicho la mlevi, zikatumbukizwa majini. Tsii! Glody akazisugua juu ya jiwe laini mpaka weusi ukatoka. Zilikuwa laini tena, zimeng'aa, unaweza kuzikunja kwa kidole.

Wakafunga. Wakajaza mafuta. Wakainua magurudumu ya mbele kwa kriki, na Chimène akakaa kuzungusha usukani kushoto na kulia, injini imezimwa, hewa itoke kwenye mipira. Alizungusha mpaka mikono ikafa ganzi, huku Glody akichungulia kopo akisema, "Bado povu, mama. Bado. Bado. Endelea." Povu lilipokwisha wakashusha gari, wakapaka unga upya, wakawasha.

Chimène alishika usukani kwa nguvu zote kama alivyozoea kumwona Aristote, na nusura auzungushe mpaka mwisho. Ulikuwa mwepesi! Akaujaribu kwa mkono mmoja. Kwa kiganja. Kwa kidole kimoja. Kule mbele unga ulikuwa mweupe pepe. Akapiga honi mpaka Glody akaziba masikio, na wanawake wa mawese wakaanza vigelegele kabla hata ya kuuliza kuna nini.

"Mawese yangu hayakuvuja!" aliwapigia kelele kupitia dirishani. "Musikie wote! Hayakuvuja hata siku moja!"

Jumamosi alfajiri akapakia bidoni moja tu, zawadi ya baba yake, akaondoka. Aristote alikaa pembeni yake. Alikuja, alisema, ili awepo wa kumkabidhi Déo gari. Njia ya Kabambare ni ile mnayoijua: tope lililokauka na mitaro yake, pikipiki zinazokuibukia na magunia, mbuzi wasiojua sheria. Walikwenda salama mpaka mteremko wa daraja la magogo. Pale njia inajikunja ghafla, na ukichelewa kukata kona unaingia mtaroni, kama Aristote alivyoingia.

"Kata! Kata!" akapiga kelele, mkono wake ukaruka kwenda kwenye usukani.

"Usiguse!" Chimène akamsukuma kwa kiwiko. "Ukigusa tu, umeniua!"

Akakata. Pikapu ikajikunja pamoja na njia, ikashuka, gurudumu la nyuma likapiga gogo la kwanza kwa kishindo, ikapita. Ng'ambo ya daraja Aristote alijifuta jasho. Kisha, kwa sauti ndogo, akasema, "Dada, kumbe si bidoni."

"Kumbe," alisema Chimène. Hakuongeza, maana alikuwa na raha ya kutosha.

Kabambare waliingia jua limepanda. Mzee Faradji alikuwa kibarazani, na pembeni yake Déo, gunia la funguo miguuni. Chimène aliingiza gari uani, akalizungusha kwa kiganja kimoja, akasimama sawasawa mbele ya kibaraza. Akazima. Akashuka kwa maringo, na kwa nini asiringe?

"Hakuna aliyegusa, Baba. Muulize Aristote."

"Hakuna," alisema Aristote.

Lakini Déo alikuwa ameinama. "Muzee, angalia chini!" alisema akicheka. "Iko vilevile. Iko inatoka damu."

Kweli. Tone jekundu, na lingine, na lingine, vumbini. Mzee akatikisa kichwa, na Déo tayari mkono uko kwenye gunia. Chimène alipiga magoti, hakujali kitenge kipya, na akiwa pale chini akaona kitu: matone hayakuwa mbele. Yalikuwa nyuma.

Akachovya kidole. Akalamba.

Akaanza kucheka, cheko la kushika mbavu, hata Aristote akadhani amerukwa na akili. "Mawese!" alisema. "Leo ni mawese! Ni bidoni yako, Baba! Ile gogo imepasua kifuniko!"

Tangu dunia iumbwe, hakuna muuza mawese aliyeshangilia hivyo mafuta yake yakimwagika. Mzee hakuamini. Alishuka ngazi akishika bega, akainama kwa shida, akachovya, akaonja. Akaonja tena.

"Mawese," alisema. "Na iko matamu."

Kisha akapanda kwenye gari, akawasha, akaweka mkono wake mbovu kwenye usukani. Akausukuma kwa kidole kimoja. Magurudumu yakageuka kushoto. Akausukuma tena, yakageuka kulia. Alikaa pale muda mrefu, anageuza na kurudisha, na alipojifuta uso kwa mkono wa shati, kila mtu alitazama pengine.

"Sasa muzee, motere yangu?" Déo akauliza.

"Motere iko kazini. Tafuta yako."

Mzee akazima gari, akashuka, akaweka ufunguo kwenye kiganja cha binti yake kilichojaa mawese na vumbi, akakifunga kwa mikono yake miwili.

"Lakini kuanzia leo," alisema, "ufunge bidoni zako vizuri, mwenye gari."