Mikono ya Plau

Jua lilipanda, na mjane alikuwa bado anakwaruza tu ardhi. Ndiyo kwanza aishike plau ya marehemu mumewe, nayo plau ikamkataa katakata. Ile ncha ya chuma, ambayo kazi yake ni kuuma udongo, iliteleza juu juu. Bamba lililopinda nyuma yake, linaloupokea udongo na kuulaza ubavu, lilipita tupu.

"Shemeji, unalima au unachana nywele?" aliuliza mdogo wa marehemu, aliyekuwa mbele akiwaongoza ng'ombe wake.

"Cheka, meno yako yapate jua."

"Nacheka, lakini tulikubaliana. Leo usipotoa hata mfuo mmoja wa maana, shamba nalilima mimi na mavuno ni yangu."

Mjane akajikaza kisabuni. Akailalia mikono ya plau kwa uzito wake wote, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo. Ncha ikachomoka kabisa, plau ikapinduka.

Shemeji akawafungua ng'ombe, akawapeleka kunywa maji. Mjane akaketi, akaegemeza kichwa kwenye plau. Joto likamwelemea. Alisinzia, hakusinzia, hata mwenyewe hakujua. Aliona shamba linapumua polepole. Mumewe akapita akilima, bila ng'ombe, bila kishindo, na udongo ukajigeuza nyuma yake mweusi, unang'aa, kama mtu anayegeukia upande wa pili kitandani. Akamtazama mikono. Hakuwa anakandamiza. Alikuwa anainyanyua plau kidogo tu, vile walivyokuwa wakimnyanyua mtoto aliyepitiwa na usingizi sebuleni.

"Mume wangu, mbona huikandamizi?"

"Ukiilalia mkia, inainua mdomo. Inyanyue, mke wangu, yenyewe itainamisha pua."

Mnyororo ukalia. Shemeji alikuwa anawafunga ng'ombe tena.

"Haya, mara ya mwisho, kisha twende nyumbani."

Mjane akashika mikono, akainyanyua kidogo, kidogo sana. Ncha ikazama. Kigurudumu cha mbele kikaanza kulia kwi, kwi. Udongo ukapanda juu ya bamba, ukasita kidogo, halafu ukajilaza, na harufu ya unyevu ikamjaa puani.

Walipofika mwisho wa shamba, shemeji akageuka. Mfuo ulikuwa umenyooka nyuma yao, mweusi tii. Mzaha ukamwishia mdomoni.

"Shamba lako, shemeji. Lakini nani kakufundisha?"

"Geuza ng'ombe," akasema mjane kwa sauti ya chini. "Polepole. Usimwamshe kaka yako."