Filamu ya Noeli Ukumbini kwa Protais

Ukumbi wa Protais, huko Mulongwe mjini Uvira, ni chumba cha mabati chenye mabenchi na shuka nyeupe ukutani. Filamu za ng'ambo hufika bila Kiswahili, kwa hiyo Protais husimama pembeni na kipaza sauti, akiwasemea wahusika wote. Desemba hiyo alileta filamu ya muuaji mwenye kanzu nyekundu ya Baba Noeli, anayewavamia wanakwaya kwa shoka.

Alasiri ya kwanza, muuaji alipokuwa akiburuta maiti nyuma ya nyumba, Délice alipita kwenye theluji akiwa na shati lake la manjano. Délice alikuwa mwana wa Generose, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Watu wenye bunduki walimchukua mkesha wa Noeli iliyotangulia, na hakuna ofisi iliyouliza habari zake. Protais hakunyamaza.

"Uyu ni Délice ya Mama Generose," alitafsiri. "Iko anaenda upande ya Luberizi."

"Basi apite mbio," mtu akasema kutoka nyuma. "Anatuzibia muuaji."

Watu wakacheka, na mmoja akaenda kumwita Generose.

Tangu siku hiyo Generose alikuja kila alasiri, mikono ikinuka ndagala. Kwake ndugu walikuwa bado wanalala kwenye mikeka sebuleni, maana huwezi kuondoa matanga ya mtu usiyejua amelala wapi. Kila onyesho lilimsogeza Délice mbele. Alipita miwa ya Kiliba, akapita Sange, na alipofika Luberizi akavua viatu na kuingia kwenye mashamba ya mpunga. Hapo filamu ikamrudia muuaji.

Mji ulikuwa umeshaanza kugombana. Redioni Wakatoliki na Waprotestanti walikubaliana kwa mara ya kwanza: Noeli ni ya Mtoto Yesu, haina shoka. Vijana wakapiga simu kujibu kwamba watoto wa Uvira huona mabaya zaidi wakienda kuteka maji. Makanisa yakaunda kamati, nayo ikaja kutazama filamu. Délice alipotokea, wanakamati walimpa Generose pole. Kisha wakaipiga filamu marufuku.

"Pastere, muniachie mara moja tu," Generose alimwambia Pasta Eugène, mkubwa wa kamati. "Amesha kuingia mu mupunga. Kesho nitaona fasi walimuweka."

"Mama Délice, mutoto yako hana kosa. Kosa ni ile kanzu nyekundu. Lakini tukikuachia weye, kesho kila mutu atakuja kutafuta wake."

"Acha baje bote. Benchi ziko."

Pasta aliyatazama mabenchi. "Noeli inakaribia, mama," alisema kwa upole.

Flashi yenye filamu ilichomwa uani. Haikutoa moto mwingi.

Generose alikwenda Luberizi na jembe. Mashamba yalifanana, yote maji, yote kijani. Mkulima mmoja, Ndayiragije, aliziba mfereji wake ili maji yapungue, akamsaidia kuchimba kando ya miche hadi jua likaegemea milima.

"Kwangu hayuko, mama," alisema. "Na mashamba iko mingi."

Akamnawisha miguu, akamsindikiza barabarani.

Noeli ikaja, kwaya zikaimba. Redioni kamati ilishukuriwa: mwaka huu watoto walisherehekea bila kuona damu.

Siku iliyofuata, Victoire wa mtaa wa Songo aliingia ukumbini na picha ya mume wake, ambaye hakurudi kutoka ibada ya mkesha.

"Ile filamu inaanza saa ngapi?" aliuliza.

"Walishaikataza," Protais akajibu. "Kwa sasa iko mupira tu."

Victoire akaenda kukaa benchi la mbele. Generose, aliyekuwa ameshakaa hapo, akasogea kumpa nafasi. Mpira ulikuwa upande mwingine wa uwanja, lakini Generose alikuwa akiwatazama watu waliopita nyuma ya goli.