Sahani Moja na Mkwe

Kusema kweli, Athieno hakutaka kisiwa. Kanisa lilipomwambia kwamba yeye na mumewe wameteuliwa kuwa wamisionari wazee kwa miezi kumi na minane, alidhani watapelekwa mahali penye barabara. Walikuwa wamestaafu ualimu, wana nyumba yao nzuri Iyolwa, wana ng'ombe wawili, na watoto wote wamekwenda zao. Mungu angeweza kuwatuma Mbale, au hata Soroti. Akawatuma Nabirungi, kisiwa cha Ziwa Viktoria, mwendo wa saa mbili kwa boti kutoka Majanji. Na huyu ni mwanamke ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona kwa karibu ni ya pipa!

Mumewe, Mwalimu Owori, alifurahi kupita kiasi. Huyo alifundisha hesabu miaka thelathini na sita, na hawezi kuiona siku bila kuikata vipande. Siku ya kwanza akabandika ratiba ukutani: kusali, kufagia, kutembelea wagonjwa, kufundisha kina mama kusoma, kupumzika dakika ishirini. Kisiwa hakikuisoma. Jumapili ya kwanza walikuja watu watatu na kuku mmoja, na Mwalimu alipohubiri jinsi Bwana alivyowaambia wavuvi watupe nyavu upande wa kuume, mzee mmoja akanyoosha mkono kuuliza ni kuume ukiwa umetazama wapi, maana hapa upande huo una mawe, nyavu zitachanika. Walibishana mpaka saa nane mchana. Kuku peke yake ndiye aliyetoka ameridhika.

Mwezi ule wa kwanza Athieno alilia kila siku. Alilia akiosha vyombo, alilia akianika nguo, na Mwalimu, maskini, akataka kujua machozi hayo yaingizwe sehemu gani ya ratiba.

Kisha kenge akaingia jikoni. Athieno akamtimua kwa kitabu cha nyimbo za kanisa, akimwimbia ubeti wa pili kwa sauti ya kutisha, kenge mbele, mishonari nyuma, kanga inaburuzwa. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipita na dumu la petroli alicheka mpaka miguu ikamwishia nguvu, akakaa kitako juu ya dagaa za watu zilizoanikwa. Aliposimama, suruali yote ilikuwa dagaa. Athieno alipoona matako yale yanang'aa kwa samaki, naye akacheka, kicheko cha kwanza tangu aondoke Iyolwa.

Mtu huyo ndiye Odwori, Msamia wa Masaba, miaka thelathini na sita, mwenye boti yake mwenyewe na bado hana mke. Tangu siku ile akawa mtu wa nyumbani. Mwalimu alikula saa saba kamili kama ratiba ilivyotaka. Odwori alifika saa nane, na Athieno alimsubiri. Walikula ugali na samaki kwenye sahani moja, wakigombania kichwa. Walisengenya kisiwa kizima, wakaombeana msamaha, wakasengenya tena. Athieno alimtoa Odwori funza kidoleni kwa pini. Kama yupo mtu aliyemfanya Athieno aache kuhesabu miezi, ni huyo.

Baada ya Krismasi, Odwori akasema kuna msichana ng'ambo ya ziwa. Wee! Athieno aliivamia kazi hiyo kwa mikono miwili.

"Usianze na nakupenda-nakupenda," alimfundisha. "Muulize kama amekula. Msifu kazi yake. Na umpigie jioni, asubuhi mwanamke ana mambo yake."

Odwori alifuata kila neno, na kila neno likafanya kazi. Siku moja akauliza, macho yake kwenye samaki, "Na mama yake je? Nasikia ni mkali."

"Mlete kwangu nimnyooshe," Athieno alisema. "Wanawake wa namna hiyo nawajua vizuri."

Odwori alipaliwa na ugali, ikabidi apigwe mgongoni.

Jumatano moja wakiwa katikati ya sato mkubwa, simu ikalia. Alikuwa Prossy, kitinda mimba wa Athieno, muuguzi huko Masafu, miaka thelathini na mitatu, ambaye alishawakataa wachumba mpaka shangazi zake wakachoka kuuliza. Kwa kuwa mkono ulikuwa na ugali, Athieno aliiweka simu mezani akabonyeza spika kwa kidole kidogo.

"Mama, kaa chini."

"Nimekaa. Nakula."

"Jumamosi kuna mtu anataka kuja Iyolwa na ndugu zake, ajitambulishe kwa Baba. Tafadhali ombeni ruhusa kanisani, mje."

"Yesu wangu! Nani?"

"Unamjua. Alinivusha nilipokuja kwenu Krismasi. Anaitwa Odwori."

Mikono miwili ilikuwa ndani ya sato mmoja: wa Athieno, na wa mkwe wake.

Jamani. Kwa kina Athieno huko Padhola, na kwa kina Odwori huko Usamia vilevile, mama na mume wa binti yake hawali pamoja, hawapeani mkono, hawataniani. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Ndiyo heshima yenyewe, na Athieno ameishika tangu utoto. Wakwe zake wengine wawili hawajui hata meno yake yamekaaje. Huyu anajua mpaka jino la nyuma linalomsumbua.

Athieno alikata simu. "Tangu Krismasi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, Mama."

"Na bado unakula?"

Odwori aliangalia vidole vyake. "Ningesema, tungeacha kula pamoja. Nikasema moyoni, wiki moja tu. Halafu wiki nyingine."

Athieno alitaka kumchapa kofi na kumkumbatia, na yote mawili sasa yalikuwa mwiko. Akatoka nje akapiga vigelegele, akaizunguka nyumba mara tatu akicheza, Prossy wangu anaolewa, Prossy wangu anaolewa, majirani wakatoka kuangalia mishonari ameingiliwa na nini. Mzunguko wa nne ukamshinda. Alikaa chini nyuma ya nyumba akiwa na furaha tele na uchungu tele. Alitaka mkwe, na katika ziwa lote na nchi kavu yote alimtaka huyu huyu. Lakini akimpata, amempoteza. Kesho saa nane atakula na nani?

Siku mbili zilizofuata zilikuwa sarakasi. Nabirungi ina njia moja. Athieno aliingia kwenye mihogo ya watu mara sita, na Odwori naye alionekana amechutama nyuma ya mbuzi, kana kwamba mbuzi angemtosha. Mwalimu alipona kabisa uzee. Aliandika ratiba mpya: mkwe atapita njiani saa za witiri, mama mkwe saa za shufwa. Akasema desturi huanza pale unapojua, na Athieno hakubisha.

Jumamosi alfajiri, kwa ruhusa ya siku tatu, wakasafiri. Boti iliyokuwepo ni ya Odwori tu. Athieno alikaa mbele kabisa, shuka kichwani, mgongo kwa mkwe. Mwalimu, ndani ya suti, alikaa katikati kama posta.

"Mwambie mkweo apunguze mwendo."

"Mama mkwe anasema upunguze mwendo."

"Mwambie Mama nikipunguza, mawimbi yataingia."

"Anasema mawimbi—"

"Nimesikia! Mimi si kiziwi!"

Walifika Majanji saa mbili kasorobo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Pale hakuna gati. Boti husimama maji yakiwa ya mapajani, na abiria hubebwa mgongoni mpaka mchangani. Safari zote Athieno alibebwa na Odwori, na siku hizo zote za kujificha hakuna aliyelikumbuka hilo, hata mwenye ratiba.

"Kuna wabebaji," Mwalimu alisema akiwapungia wanaume watatu. Wa mbele, jitu linaloitwa Olweny, lilisogea, likamwona aliyeshika usukani, likasimama ghafla.

"Huyo si mama mkwe wa Odwori?" Olweny aliuliza. "Basi ni mama mkwe wangu pia. Sisi sote watatu ni ndugu zake." Wakageuza nyuso zao, wote kwa pamoja, kwa adabu kubwa mno.

Mwalimu akavua viatu, akashuka na suti yake, akasema atambeba mkewe mwenyewe kama siku ya harusi. Athieno alimwekea mkono mmoja tu begani, na Mwalimu akazama kwenye tope mpaka kiunoni. Ikabidi Olweny amvute kama muhogo.

"Tutachelewa!" Mwalimu alilia kutoka ufukoni, akikamua koti. "Magari ya Busia hayangoji!"

Athieno alitazama maji. Akafikiri juu ya Prossy anayesubiri Iyolwa. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, aligeuka akamtazama Odwori usoni.

"Umeshapokelewa kwetu?"

"Bado, Mama. Mpaka saa saba."

"Basi bado ni Odwori. Geuka unibebe."

Odwori akashuka majini, akainama, naye Athieno akampanda mgongoni, mikono shingoni. Ni hatua kama arobaini tu kutoka pale hadi mchangani, na Athieno alikuwa na mambo mengi.

"Sikiliza. Prossy usimsemeshe kabla hajanywa chai. Akikasirika hagombi, anaimba. Ukimsikia anaimba asubuhi, kimbia."

Odwori alianza kutikisika.

"Usicheke, utaniangusha! Na usimfiche jambo kama ulivyonificha mimi. Zunguka ile boti nyekundu."

"Mama, nchi kavu ni huku."

"Nimesema zunguka."

Akaizunguka boti nyekundu. Akaizunguka na ya kijani. Mwalimu aliinua saa yake, maji yakitiririka kutoka mkononi, akawatangazia dakika.

"Nitakuwa nakula na nani?" Odwori aliuliza, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

"Na mke wako, mjinga wewe." Akambana shingo kwa nguvu. "Umenitendea wema kule. Nilikuwa nakufa kwa upweke. Sasa nishushe, kabla sijalia."

Miguu yake ilipogusa mchanga, alivuta shuka mpaka usoni akampa mgongo. Odwori naye akageuka kulitazama ziwa. Walisimama hivyo, mgongo kwa mgongo, mabega yao yakitikisika kwa kicheko kile kile, na hakuna aliyegeuka.