Neno Lililokatwa

Lavinia alikuwa amelisokota pindo la kitambaa cha meza mpaka likawa kamba, na bado Bwana Taddeo, mwimbaji wa sauti nzito, alikosea palepale.

Waimbaji watano walikaa kuizunguka meza, kila mmoja na kitabu chake chenye sauti yake peke yake. Katika madrigali, wimbo wa sauti kadhaa zinazopishana bila ala, cha mwenzako hukioni. Wimbo ulisemekana ni wa Ercole, kaka yake Lavinia. Kando alikaa mpiga chapa kutoka Venisi, aliyebakisha ukurasa mmoja tu wa kujaza katika kitabu chake cha nyimbo, na adhuhuri angeondoka Ferrara.

Tatizo lilikuwa neno "nahema". Lilikatwa katikati kwa kimya kifupi, ili wote watano wakatike pumzi pamoja. Taddeo akakijaza kimya kile kwa sauti yake nene.

"Mnakili kapitiwa," alisema. "Nani anakata neno vipande viwili? Mimi namsitiri tu."

"Ercole, mwambie!" Lavinia akanong'ona.

"Nimwambie nini? Mzee anajua." Ercole akajifuta jasho. Masikini, hakujua hata kile kimya kiliwekwa cha nini.

Mpiga chapa akaanza kufunga mkoba. "Wimbo mzuri, ila pale katikati unateleza. Labda mwaka mwingine."

Lavinia akaliachia lile pindo. Miezi minane ya kutunga kwa kujificha, iishie kwenye koo la Taddeo! Akasimama. Akaimba sauti ya mzee, chini kadiri koo lake lilivyomruhusu, tangu mwanzo wa ubeti: "Na—", akanyamaza, "—hema."

Taddeo akakitazama kitabu chake, ambacho hakikutoka mikononi mwake tangu asubuhi. Kisha akamtazama yeye.

"We binti, hiki umekisoma lini?"

Lavinia akamgeukia kaka yake. Ercole alikuwa anatazama viatu vyake.

"Haya," mzee akasema taratibu. "Tuimbe anavyotaka mwenyewe."

Wakaimba. Kwenye lile neno pumzi zikakatika zote tano, na mkono wa mpiga chapa ukaganda juu ya mkoba. Walipomaliza, alikuwa ameshachovya kalamu kwenye wino.

"Niandike jina la nani?"

Ercole akafungua mdomo; Taddeo akamkanyaga mguu chini ya meza. Wote wakamgeukia dada mtu. Mlango ulikuwa hatua tatu tu.

"La—", akaanza, pumzi ikamkatika.

Safari hii Taddeo hakukijaza kile kimya; alimsubiri alimalize jina lake mwenyewe.