Uso wa Lisette

Ami Abdu alileta mnyororo Jumatatu, mpya, pamoja na kufuli, akauweka juu ya meza yetu ya chakula.

"Mpaka Alhamisi," alisema. "Akikosa sindano, tunamufunga kule depo, nyuma ya duka. Mi sitaki mutu akufe kwa mikono yake."

Mtu wa kufungwa alikuwa mdogo wangu Amur. Kwa miaka sita sindano ya kila mwezi ilimtuliza. Alipima vitambaa dukani kwetu, mtaa wa Asiatique, na kutaniana na wateja. Ikaja korona. Kwenye kituo cha afya wote wakafunika nyuso, na Amur, ambaye ugonjwa wake humwonyesha maadui kila pembe, akaona wamefika. Akampiga ngumi Lisette, muuguzi wake wa siku zote. Tangu hapo sindano mbili zimempita. Halali, anagombana na ukuta, na kioo cha duka ameshakivunja.

Mimi kulia sijui. Nikikasirika nafua. Nilifua mapazia yote ya nyumba.

Jumatano asubuhi nilikuwa mbele ya kioo nikifunga nikabu yangu nitoke. Amur alinitazama huku anakunywa chai, ametulia kabisa. Mikono ikanishuka. Miaka yote natembea nimefunika uso, na hajaniogopa hata siku moja! Kwa sababu kila asubuhi ananiona nikiufunika.

Nilikwenda kwa Lisette mbio. Mdomo wake ulikuwa bado na alama.

"Apana, Sheikha. Mi naogopa."

"Hata mi naogopa. Simama mbali, uvae masike mbele yake. Mi nitakuwa katikati yenu."

Alhamisi Lisette alisimama getini kwetu, uso wazi. Akavaa barakoa polepole, akaivua, akaivaa tena. Mara ya tatu Amur akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko hicho, na kilinichoma moyo.

"Ni Lisette," aliniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijui. Akakunja mkono wa shati mwenyewe.

Lisette alikuwa ameshamdunga, akimfuta Amur mkono kwa pamba, ami alipoingia, barakoa hadi machoni, mnyororo begani. Nikamzuia njia. Nyuma yangu Amur alirudi hatua moja, lakini ngumi hakuinua.

"Toa masike kwanza, ami," alisema. "Nikuone ni nani anakuja kunifunga."

Ami aliishusha.

"Ni mi, Amur," alisema, na mnyororo akauficha mgongoni.