Gauni la Mahafali ya Salome

...na eti "nitakutafuta, mpenzi", unanitafuta wapi, kwani nimepotea, nipo hapa hapa Masuguru, nyumba ya pili kutoka mashine ya kusaga, namba yangu ya simu iko juu ya kila picha tena kwa herufi kubwa, mtu anauliza bei wakati nimeiandika chini ya picha, namjibu, anaandika "ok", ok tu, kama nimemwambia saa, halafu kimya, huyo ni wa leo, na jana alikuwepo mwingine, "mashallah dada, mikono yako ibarikiwe", ibarikiwe na nini sasa kama hununui... "Inamisha kichwa, Mwaija," ananiambia Glory, nainamisha, kitana kinapita katikati ya utosi kama anachora mpaka wa shamba, anavuta, naumia, sisemi, tangu tukiwa sekondari Glory ananisuka hivi hivi, anavuta na kuongea, kuongea na kuvuta, sasa ana saluni yake, ana kioo cha kufika sakafuni na feni ya kuning'inia, na mimi nina duka ambalo halina mlango, liko ndani ya simu, Nguo za Munira, nimeliita kwa jina la mwanangu, kila nikiweka picha mioyo myekundu inamiminika, na tangu nimelifungua kabla ya Ramadhani hakuna mtu hata mmoja aliyenunua, hata mmoja, wanapita, wanasifu, wanaondoka, kama watu waliokuja kuangalia bwana harusi kafananaje... "sasa huyo dada akaniambia mzigo unatoka leo," anasema Glory, dada gani sijui, simsikilizi vizuri, mawazo yangu yako nyumbani, yako kwa Jabiri, kwa kitu alichonifanyia leo asubuhi hata chai sijanywa, mume wangu mwenyewe, naingia chumbani kutoka uani namkuta mwanamume simjui, kasimama mbele ya cherehani yangu, anazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, mtu wa Mazinde, ameletwa, "Shikamoo," nikamwamkia maana ni mtu mzima, akaitikia bila kunitazama, akauliza, "Sindano zake zinapatikana?" nikamgeukia Jabiri, "Huyu mzee anatafuta nini?" na Jabiri anatazama dari, "Anaangalia tu," anaangalia tu! kama mbuzi wa mnadani, bado kidogo amfungue mdomo ahesabu meno, na kitambaa changu kiko pale pale chini ya sindano, mkono mmoja umeshashonwa, mwingine bado, yeye haoni, "Mwaija, pikipiki haina tairi," anasema Jabiri, "na hii inakaa tu, inakula bando," eti cherehani inakula bando, cherehani ya mama yangu, aliyoivunia mahindi msimu mzima kule Chanika ya Handeni, aliyoshona nayo sare za nusu ya watoto wa mji mpaka macho yakachoka, aliyonikabidhi kwa mikono miwili siku niliyomwambia, mama, nataka nishone nguo za watoto niuze mtandaoni, na mama hakuniuliza mtandaoni ni wapi, aliniuliza tu, "Watoto wa huko wana umri gani?" na leo mtu wa Mazinde anaizungusha kwa kidole... nikatoka, nikachukua khanga yangu nikatoka, nikaja kusukwa, maana ningebaki ningesema neno ambalo halirudishiki... "basi nikamwambia, dada yangu, mimi nataka saizi ya miaka sita, Salome ana mwili, si unamjua," anasema Glory, na hapo ndipo sikio langu linapofunguka, saizi, saizi ya nini, "Saizi ya nini, Glory?" nauliza. "Ya gauni, jamani, hunisikilizi? La mahafali ya chekechea, Jumamosi hii. Nimeagiza Dar, kwa dada mmoja wa mtandaoni."

Nimeagiza Dar... kasema hivyo hivyo, bila aibu, mkono wake uko kichwani mwangu, vidole vyake viko kwenye ngozi yangu, na wala havikusita, kaagiza Dar, gauni la mtoto, mtandaoni, Glory ambaye ndiye mtu wa kwanza kabisa kuufuata ukurasa wangu, mimi mwenyewe nilimshikia simu nikamwonyesha pa kubonyeza, Glory anayeweka moyo kwenye kila picha, kila picha! nikajua huyu ni wangu, nikimkosa kila mtu huyu ninaye, Salome mwenyewe anacheza na Munira wangu kila jioni, namjua mabega yake, najua gauni likimbana kwapani analia, ningemshonea nimefumba macho, na mama yake anampelekea vipimo mtu asiyemjua, kamwita na dada yangu... nauliza kwa sauti ambayo hata mimi nashangaa ilivyo laini, "Sasa Glory, mbona hukuniambia mimi?" Anacheka kidogo, ule mcheko wa kumtuliza mtoto. "Ah, shoga, zako nzuri, sijasema mbaya. Lakini unajua tena, mahafali, kutakuwa na mpiga picha, walimu, wazazi wa maana. Nilitaka kitu cha dukani. Hii imetoka Uturuki." Uturuki! mimi ni mtu wa Chanika kwa hiyo mishono yangu itafumuka mbele ya wazazi wa maana, ya kwangu ni ya kubonyezea moyo, ya kuvaliwa inatoka Uturuki, na ningekuwa nimekaa Dar nikajiita jina la Kizungu na kuandika maneno ambayo hayasomeki ungenitumia pesa yote kabla hujaona hata uzi... "Subiri nikuonyeshe," anasema, anafuta mafuta ya nywele kwenye kitenge chake, anaitoa simu kifuani, anaishusha mbele ya uso wangu kwa juu ya bega. "Tazama. Tazama hiyo kola. Tazama mifuko ilivyokaa. Hebu niambie nani hapa Korogwe anaweza kushona mfuko ukakaa hivyo."

Natazama, kwanza naona ua, ua la njano, kubwa, la kuchora, limebandikwa mahali pa uso wa mtoto, halafu naona gauni la bluu la marinda, mifuko ya umbo la jani, vifungo vitano, vinne vya bluu na kimoja cheupe, cheupe kwa sababu vya bluu viliniishia na duka lilikuwa limefungwa kwa swala, halafu naona goti, goti lenye plasta, niliibandika mwenyewe Munira alipoanguka karibu na kisima cha bibi yake, na nyuma mlango wa mama, na chini, kwenye udongo, kivuli kirefu chenye mikono juu, ni mama, alisimama pembeni akanyanyua khanga kuzuia jua lisimchome mjukuu machoni, hakujua kivuli chake kinaingia kwenye picha, na mimi nikakiacha maana nilikipenda... mwanangu, hilo ua liko juu ya uso wa mwanangu, alikuwa anacheka na pengo lake, walichukua kila kitu wakafuta mtoto, wamembandikia ua kama takataka iliyofunikwa, wakamfanya Mturuki asiye na uso, mikono ya mama yangu wameiacha kwa kuwa hawakujua ni mikono, nataka kusimama lakini nywele zangu ziko mkononi mwa Glory, nataka kupiga kelele, masikio yanawaka, nani kakupa ruhusa, nani, umekaa wapi huko unauza jasho langu na sura ya mtoto wangu... na Glory bado ameishika simu, nainua macho nimwangalie kwenye kioo, na naona jambo ambalo sijawahi kuliona, anavyolitazama lile gauni, kichwa ameinamisha pembeni, mdomo wazi kidogo, kidole kinapita juu ya kola taratibu, analitamani, miezi yote hii nimekuwa nikisubiri mtu mmoja atazame nguo yangu hivyo, hata mmoja, na ndiye huyu, na ndilo hili, kwa hiyo halina ubaya, gauni halikuwahi kuwa na ubaya, mtu anayeishi kwa kuuza kapitia picha ngapi huko, za wangapi, kachagua yangu, na Glory kapitia maduka mangapi, kachagua yangu, mimi nikawa nalala nikijiuliza kola imekosea nini, mfuko umekosea nini, nikaifumua mingine usiku kwa mashaka...

"Glory, huyo ni Munira." Anacheka. "Munira yupi?" "Wangu. Hapo ni kwa mama, Chanika. Hilo gauni nimelishona mimi, Uturuki sijui hata inaelekea wapi." "Acha wivu, Mwaija, jamani, nguo zinafanana." Sibishani, nachukua simu yangu mapajani, nafungua, nampa, picha ile ile, goti lile lile, kifungo cheupe, kivuli, ila hapa mtoto ana uso, anacheka na pengo, na chini yake kuna moyo mwekundu wa Glory mwenyewe, kaubonyeza bila kutazama, na sasa ndiyo anatazama, anatazama hii, anatazama ile, feni inazunguka, nywele zangu amekwishaziachia. "Sasa..." anasema, "sasa mimi nimemlipa nani?" Anapiga, inaita, inakatwa, anapiga tena, haipatikani, na uso wake kwenye kioo unakuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi sokoni, nilidhani nitafurahi, nilishaiandaa furaha yenyewe, haikuja, kilichokuja ni hasira nyingine mpya, kwa ajili yake sasa, maana siku nzima Glory anasimama kwa miguu hii kusuka vichwa vya watu na mtu mmoja kakaa mahali na simu tu... "Nimeshamwambia Salome," anasema, sauti imekatika, "kila mtoto darasani anajua." Halafu anakohoa, anajiweka sawa, "Utanishonea basi, shoga? Utanifanyia bei ya rafiki, si unaona yaliyonikuta?"

Na hapo, asubuhi ningesema chukua bure, Glory, wallahi ningesema, ningemvalisha Salome kwa mikono yangu ilimradi mtu mmoja avae, apigwe picha, aseme kanishonea Mwaija, ningeshukuru na kushukuru, kama nimepewa msaada... lakini huyu mwanamke katoa pesa kamili kwa gauni hili hili kwa mtu asiyemjua, hakuomba apunguziwe, hakukohoa, na mtu huyo hata sindano hana, na mimi nina cherehani, ipo, na haiuzwi, yule mzee wa Mazinde akatafute nyingine, nitamwambia Jabiri leo hii, polepole, ila nitamwambia mara moja tu... "Nitakushonea," nasema, "na Ijumaa litakuwa tayari. Bei ni ile iliyoandikwa pale chini ya picha." Anaisoma, naona midomo yake inasogea. "Hata mimi, Mwaija?" ananiuliza, na kwenye kioo tunatazamana, mimi nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama kama nimekurupushwa usingizini, yeye na simu mbili, moja kila mkono. "Hata wewe," nasema, na moyo unanidunda kama nimeiba mimi, na sishushi macho, nasubiri, na Glory anaiweka simu yake mezani, anaiweka na yangu, anachukua kitana. "Ijumaa basi," anasema, "inamisha kichwa."