Papa Louis Ametutoka

Papa Bulaimu wa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu katika Maniema, alikuwa na miaka sitini na minane, meno yake yote na akili zake zote, siku binti yake Mounira alipomtumia simu ya kugusa kutoka Lubumbashi. Meno yalibaki. Akili, kwa maneno ya mke wake Safia, ziliingia ndani ya simu mwezi wa kwanza na hazikuonekana tena.

Asubuhi, kabla hajaitika salamu ya mtu yeyote nyumbani, alikuwa ameshatuma picha za maua ya waridi katika vikundi saba vya WhatsApp. Kulikuwa na kikundi cha ukoo, cha msikiti, cha wastaafu wa reli, cha majirani, cha mpira, na kimoja cha watu wa Bujumbura ambacho hakujua aliingiaje. Cha saba kilikuwa cha wafugaji wa nguruwe. Yeye, Mwislamu mwana wa Mwislamu, alibaki humo kwa sababu aliona haya kutoka bila kuaga.

Kuandika kulimchosha, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vinene na herufi ndogo kama mchele. Kwa hiyo alirekodi sauti. Alirekodi habari za bei ya mihogo, alirekodi malalamiko ya goti lake, siku moja alirekodi mvua ikipiga mabati ili Mounira aisikie. Na kila alipomaliza alisema kwa sauti kavu, "À vous!" yaani zamu yenu, kisha akatulia na kungoja, kama mtu aliyepiga hodi mlangoni.

Hiyo "à vous" alitoka nayo mbali. Miaka ya vita, treni zilipokoma kufika na njia za msituni zikawa za kutafuta kifo, Bulaimu ndiye aliyekuwa na foni, redio ya kusemea iliyokula betri ya gari na waya mrefu juu ya paa. Mtu wa Kindu aliyetaka habari za ndugu zake wa Punia au Kalima alikuja kukaa kwenye benchi lake akisubiri zamu. Huko Kalima, foni ilishikwa na mtu mmoja anayeitwa Louis. Miaka minne watu hao wawili walisemezana kila siku bila kuonana. Louis alikuwa na sauti nzito ya kutetemesha sahani kabatini, na Bulaimu akajichorea kichwani jitu la mabega mapana. Vita vilipotulia, mtu mfupi mwembamba alikuja mlangoni. Bulaimu akampa kiti cha pembeni, akamwambia angoje kidogo, kwa maana alikuwa anatazamia mgeni mkubwa. Yule mtu akakaa, akafungua kinywa, akasema, "Kindu, Kindu, unanipata?" Bulaimu nusura aanguke. Tangu hapo wakawa ndugu.

Sasa basi, Jumanne moja mwaka huu, saa moja asubuhi, simu ililia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa na Françoise, binti wa Louis, yenye urefu wa dakika tatu. Bulaimu alikuwa na kikombe cha chai mkono wa kulia. Akabonyeza kwa kidole cha kushoto.

"Papa Bulaimu, jambo. Hapa ni Françoise, wa Kalima. Papa Louis ametutoka..."

Chai ilimwagika yote mapajani, wala hakuisikia. Aliizima sauti ile papo hapo, maana nani angeweza kusikiliza zaidi? Machozi yakimtoka, akabonyeza palepale alipozoea kutuma maua. "Ndugu zangu, Louis wa Kalima, rafiki yangu wa damu, ametutoka leo. Mkutano wa msiba njo hapa kwangu. À vous." Ikaenda katika vikundi vyote saba. Wafugaji wa nguruwe ndio waliojibu kwanza, kwa mishumaa na nyuso za kulia.

Safia akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Umemupigia Françoise?"

"Nimupigie nimuulize nini? Mutoto wa watu analia!"

"Ulimusikia analia?"

Bulaimu akafikiri. "Analia moyoni."

Safia akataka kusema neno, lakini majirani wawili walikuwa tayari wameingia na viti vichwani. Habari ilikwisha kuwatangulia watu barabarani. Wengine walijaribu kumpigia Louis mwenyewe, na simu haikupatikana. "Munaona?" alisema Jérémie, kiongozi wa kwaya ya parokia ambayo Louis alipenda kusali nayo kila alipokuja Kindu. "Hata simu yake imekufa." Hoja hiyo ilimaliza mashaka ya wote. Walijaribu na ya Françoise, lakini yeye alikuwa shambani, mahali pasipo na mtandao.

Kufika adhuhuri turubai lilikuwa limefungwa uani. Wazee wa msikiti walikaa upande mmoja, kwaya upande mwingine, sufuria za sombe, yale majani ya muhogo, na za wali zikichemka nyuma. Picha ya Louis iliwekwa juu ya meza ndogo yenye kitambaa cheupe. Saa tisa Bulaimu alisimama kuhutubia. Alisema vizuri. Alisema habari za miaka ya vita, alisema jinsi sauti ya Louis ilivyokuwa mkate wa watu wenye njaa ya habari. Wanawake walilia, na kwaya ikaanza kuimba polepole nyuma yake.

Pikipiki ikasimama langoni.

Aliyeshuka alikuwa mwekundu kwa vumbi kuanzia viatu hadi nyusi. Aliona turubai kwenye lango la rafiki yake. Akaona kwaya. Begi likamwanguka, akaweka mikono kichwani, akaingia mbio akipiga mayowe kwa ile sauti nzito: "Bulaimu! Bulaimu ndugu yangu! Umeniacha na nani?"

Kwaya ilikatika katikati ya neno. Viti vilianguka kwa safu. Wanawake waliokuwa wakimlilia Louis ndio waliokuwa wa kwanza kumkimbia, na Jérémie, mtu wa miaka sitini mwenye tumbo, aliruka ua wa jirani bila kugusa hata ubao mmoja. Uani wakabaki wawili, wakitazamana.

"Bulaimu," alisema Louis, akihema. "Uko muzima?"

"Niko muzima."

"Sasa nani njo amekufa?"

Bulaimu aligeuka akaitazama picha iliyokuwa juu ya meza. Louis naye akaitazama.

"Ni wewe," alisema Bulaimu kwa sauti ndogo.

Safia ndiye aliyetanzua mambo. Aliichukua simu mfukoni mwa mume wake, akaongeza sauti hadi mwisho, akabonyeza mbele ya watu waliokuwa wanarudi mmoja mmoja wakichungulia. Françoise akasikika uani kote: "Papa Louis ametutoka saa kumi na moja alfajiri, amepanda pikipiki, anakuja kwako kupima macho. Njiani hakuna mtandao, musihangaike. Nimefunga samaki ndani ya begi. Tafadhali musimupe chumvi nyingi, munganga amekataza..." Na kadhalika, dakika mbili na nusu za chumvi.

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika hadi sokoni. Walimshika Louis mabega, wakampapasa uso, wakamketisha kwenye kiti kilichokuwa karibu na picha yake. Akaletewa sahani. Alikula wali wa msiba wake mwenyewe, akauliza kama kuna nyama, akaambiwa ipo, akasema basi amependwa.

Ndipo simu yake ikapata mtandao. Ililia mfululizo bila kupumua. Louis akaisogeza karibu na macho yake mabovu, akasikiliza ujumbe mmoja, akaacha kutafuna. Mke wake alikuwa ameambiwa habari za kifo chake sokoni Kalima, katikati ya watu, na mwanamke muuza mafuta ya mawese. Alikuwa ameanguka. Alikuwa ameamka sasa, amelazwa kwa jirani, lakini hakuwa anaamini neno la mtu yeyote.

Louis alimpigia, akasema naye muda mrefu nyuma ya nyumba. Aliporudi hakuwa anacheka.

"Unakumbuka mutoto wa Mama Rehema?" alimuuliza Bulaimu.

Bulaimu alikumbuka. Ilikuwa vitani. Louis alikuja hewani na habari kwamba kijana huyo ameangukiwa na shimo la madini na amekufa, na mama yake alikuwa ameketi palepale kwenye benchi la Kindu, akingoja zamu. Bulaimu aliishika sauti isitoke nje. Alimuuliza Louis: Nani aliona? Jina lake nani? Yuko hapo karibu nawe? Louis hakuwa na jibu hata moja.

"Ulinitukana," alisema Louis. "Ukaniambia nisirudi hewani mpaka nimeona na macho yangu. Nikatembea nusu siku kwa miguu hadi shimoni. Nikamukuta mutoto amevunjika mguu, anakula muhogo. Mama Rehema hakulia hata tone. Yule Bulaimu alienda wapi?"

Bulaimu aliangalia vidole vyake. Afadhali Louis angepaza sauti, lakini alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea nyumbani.

Kesho yake, baada ya kumfikisha Louis kwa daktari wa macho, Bulaimu alikwenda kwa Gisèle, mama aliyekuwa anafundisha matumizi ya simu katika chumba kimoja karibu na soko. Wanafunzi wengine walikuwa wauzaji wa vitenge waliotaka kupiga picha za bidhaa zao. Alikaa nyuma, akaweka kofia yake juu ya goti.

Gisèle alimfungulia sehemu ya simu inayoonyesha saa ambazo mwenye simu anaitumia. "Papa, kila siku saa sita na dakika arobaini."

"Kwa juma?"

"Kwa siku, papa."

Bulaimu alikohoa. Foni wakati wa vita ilifunguliwa saa mbili tu kwa siku, na watu wa miji mitatu waliishi nayo. Hizi saa nyingine nne na zaidi alikuwa anazifanyia nini? Maua, alijijibu. Maua na nguruwe.

Alijifunza kufuta ujumbe kwa watu wote, na akagundua kwamba ukishachelewa simu haikubali tena. Alijifunza maana ya ile mishale miwili midogo juu ya ujumbe: umepita mikono mingi na hakuna ajuaye wa kwanza. Alijifunza kutoka kikundini. Aliwaandikia wafugaji wa nguruwe, kwa herufi, kwaheri ya mistari minne, na wakamjibu kwa upendo hata akajuta kidogo. Siku ya tatu Gisèle akamfundisha kupiga video, maana makosa aliyoyatangaza kwa sauti yake ilikuwa haki ayafute mwenyewe, kwa sauti na kwa uso.

Video waliipiga uani. Louis alikaa kwenye kiti, ana miwani mipya. Bulaimu alisema mbele ya simu: "Huyu njo Louis. Muzima. Mimi Bulaimu nilidanganya, kwa sababu sikusikiliza hadi mwisho. Munisamehe, zaidi mama muke wake, kule Kalima." Louis akapunga mkono na kuuma ndizi, kuthibitisha. Ikatumwa kila mahali ile habari ya kwanza ilikofika.

Ilisafiri kuliko maua yote aliyowahi kutuma. Siku tisa baadaye ilimrudia kutoka Lubumbashi, kwa Mounira, ikiwa na mishale miwili, imekatwa ikabaki Louis anapunga mkono, na maandishi mekundu chini yake: MUUJIZA MANIEMA! AFUFUKA BAADA YA SIKU TATU, SASA ANAONA BILA SHIDA!

"Papa," aliandika Mounira, "huyu si Papa Louis wetu? Ni kweli?"

Zamani angeshaituma. Bulaimu alivaa miwani yake, akaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, hadi chai ikapoa: Nani aliona? Jina lake nani? Yuko hapo karibu nawe? Mounira akajibu kwamba ameitoa kwa rafiki, aliyeitoa kwa mwingine. Ikabidi Bulaimu amtafute huyo rafiki, na huyo mwingine, na mchungaji mmoja wa mji asioujua. Ilimchukua asubuhi nzima. Wawili walifuta. Mchungaji alimzuia asiweze kumwandikia tena.

Mchana Louis akapiga simu kutoka Kalima.

"Bulaimu, hapa kwangu kuna msululu. Watu wanataka niwashike kichwa."

"Waambie ukweli!"

"Nimewaambia. Wanasema unyenyekevu huo njo dalili yenyewe. Mama mumoja amenipa kuku."

"Murudishie kuku wake, Louis!"

Kwa mbali Bulaimu alisikia sauti ya mke wa Louis ikiuliza chumvi ya kupikia kuku iko wapi.

"Bulaimu," alisema Louis, "ungepiga simu asubuhi."